Staji isiyolipwa inaongezwa tena: nibaki au niondoke?

Mkemia wa Katuba ameuliza:

Wakubwa zangu, kaka na dada zangu, nawasalimu nyote. Mimi ni binti wa Lubumbashi, nimemaliza lisansi ya kemia katika Kitivo cha Sayansi cha UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi), na tangu nipate diploma ninafanya staji, yaani mafunzo ya kazini, katika maabara ya kampuni moja ya sutretansi (ukandarasi mdogo) inayopima sampuli za madini kwa niaba ya makampuni makubwa ya migodi. Barua yangu ya kwanza ilisema staji ni ya miezi mitatu. Muda ulipokwisha waliniandikia mitatu mingine, na huo nao umekwisha. Sasa mkuu wa maabara ameniambia kwa mdomo tu kwamba niendelee kuja mpaka nafasi ifunguke. Sina mshahara. Ninapewa pesa za usafiri, ambazo zinanitoa Katuba asubuhi na kunirudisha jioni, hazibakishi kitu.

Kazi yenyewe si ya kusimama pembeni na kutazama. Ninapokea sampuli, ninazikausha, ninazisaga, ninazipima kwenye mizani na kuziyeyusha kwa asidi, na siku hizi ninaachiwa spektrometa peke yangu zamu nzima, nisome kiwango cha shaba na kobalti na kuyaandika matokeo katika daftari ambalo mkuu wangu huja kulitia sahihi baadaye. Wakati huohuo kila tangazo la kazi ninalolisoma kwenye tovuti ya Mediacongo linadai uzoefu wa miaka miwili au mitatu, na sijui kama miezi yangu hii mwajiri mwingine ataiona kuwa kitu.

Wazazi wanasema nivumilie, kwa sababu aliye ndani ya nyumba ndiye anayeitwa mezani. Wenzangu tuliosoma pamoja wanasema ninatumikishwa bure. Naomba msaada kwa mambo matatu: nibaki au niondoke, sheria yetu inasema nini kuhusu mtu aliye katika hali yangu, na, nikitaka kumwomba mkuu wangu kitu cha maandishi, nimwendee kwa maneno gani ili asinione mkaidi?

Yaya wa Kampemba amejibu:

Mdogo wangu, mimi yaya yako, yaani dada yako mkubwa, nakupa pole na hongera kwa pamoja. Ninafanya kazi katika ofisi ya wafanyakazi ya kampuni ya matengenezo inayohudumia migodi, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kusoma barua za vijana kama wewe, kwa hiyo nitakujibu kutoka upande huu wa meza.

Swali la kubaki au kuondoka liweke kando kwanza. Jiulize hivi: leo jioni wakikuambia usirudi kesho, utatoka mlangoni na nini mkononi? Kwa ulivyoeleza, utatoka na barua mbili zinazosema umepokelewa kufanya staji, na labda cheti cha mistari mitatu kinachosema umeifanya "katika maabara". Cheti cha namna hiyo hakinisaidii kitu ninapokisoma, kwa kuwa stajieri aliyeosha vyombo vya kioo na stajieri aliyeendesha spektrometa zamu nzima hupewa karatasi ileile. Mimi mwajiri sina njia ya kuwatofautisha, na nikikosa njia ninamchukua yule ninayemfahamu.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kupata karatasi inayozungumza. Ieleze tarehe ya kuanza na ya kumaliza, aina ya sampuli ulizozishughulikia, hatua za kazi ulizokabidhiwa, jina la mashine uliyoiendesha, na kama uliiendesha chini ya usimamizi au peke yako. Iwe kwenye karatasi yenye anwani ya kampuni, yenye sahihi na muhuri, kwa maana unajua kwetu karatasi isiyo na muhuri ni kama haikuandikwa. Usingoje mkuu wako aitunge, hatapata muda. Iandike wewe mwenyewe, ichapishe, kisha umpelekee asahihishe na kutia sahihi. Wakubwa wengi hawakatai kutia sahihi. Wanachokikwepa ni kazi ya kuandika.

Kuhusu maneno ya kumwendea, usianze na mshahara wala usianze na sheria. Mtafute saa ambayo hana sampuli zinazomngoja, umwambie hivi: "Mkuu, nashukuru kwa kunipa nafasi ya kujifunza. Barua yangu ya pili imekwisha muda, na sitaki kuendelea kuingia eneo la kazi bila hati, maana ikitokea ajali itakuwa tatizo kwangu na kwa kampuni pia. Nimeandaa muhtasari wa kazi nilizozifanya mpaka sasa. Naomba uupitie, na uniambie tunaendelea kwa utaratibu gani." Hapo hujamlaumu, tena umegusa jambo ambalo kila mkuu wa maabara analiogopa. Mtu anayeshika asidi kali kila siku bila barua halali ni mzigo kwa aliyemruhusu kuingia, na yeye mwenyewe analijua hilo kuliko wewe.

Kisha mwulize swali moja ambalo vijana hawaliulizi kamwe: mkataba wa maabara hiyo na mgodi unaisha lini? Tangu sheria ya sutretansi ya tarehe 8 Februari 2017, kazi za ukandarasi mdogo zimetengewa makampuni ambayo sehemu kubwa ya mtaji wake ni ya Wakongomani, na jambo hilo limewafungulia wengi mlango. Lakini kampuni ya sutretansi huishi kwa mkataba wa mteja wake. Mteja akibadilisha maabara, ile nafasi unayoingoja ifunguke haitafunguka, hata kama mkuu wako alikuahidi kwa moyo safi. Ahadi ni deni, sawa, ila deni ambalo mdaiwa wake amefunga ofisi utamdai nani? Kama mkataba umebakiza muda mrefu na wanaongeza watu, kungoja kidogo kuna maana. Kama unakaribia kwisha na hawajui utahuishwa au la, anza kupeleka barua kwingine leo, huku ukiendelea kwenda kazini.

Neno kuhusu CV, maana nimekwisha kuanza. Usiandike "nilisaidia katika uchambuzi wa sampuli". Andika ulichokifanya kwa vitenzi vinavyoonyesha mkono wako: niliandaa, niliyeyusha, nilisawazisha mashine kwa vimiminika vya kiwango kinachojulikana, nilisoma, nilirudia kipimo pale matokeo mawili ya sampuli moja yalipotofautiana. Hicho cha mwisho, kama kweli ulikifanya, kiweke juu. Mtu anayejua ni lini asiyaamini matokeo yake ndiye ambaye maabara inamtafuta. Ila usithubutu kubeba takwimu za wateja, wala picha za daftari, wala faili lolote la matokeo. Nimeona mtu akija kwenye mahojiano na kurasa za kampuni aliyotoka ili athibitishe ujuzi wake. Mazungumzo yalikwisha palepale, kwa sababu aliyeleta za wenzetu atapeleka na zetu.

Na nyinyi mliosoma kwa mfumo mpya wa LMD (lisansi, masta, udaktari), andikeni wazi muda wa masomo yenu. Matangazo mengi bado yanasema A0 (lisansi ya zamani ya miaka mitano) na A1 (masomo ya zamani ya miaka mitatu) kwa mazoea ya zamani, na mchambuzi aliyechoka anaweza kuiweka lisansi yako kwenye rundo lisilo lake kwa sababu tu hakuelewa ni ya miaka mingapi.

Fundi wa Ruashi amejibu:

Nimesoma maneno ya yaya hapo juu na ninayaheshimu, lakini mengine siwezi kuyaunga mkono. Tunajua sote jinsi watu wanavyoingia kazini mji huu. Tangazo linapobandikwa, mara nyingi mtu wa kuikalia nafasi ameshajulikana. Huyo dada akitoka leo na karatasi yake nzuri yenye muhuri, atakuwa na karatasi, lakini hatakuwa na mtu. Akibaki, mkuu wa maabara anamjua, fundi wa zamu anamjua, na siku mmoja wao akihamia mgodi mwingine, atamwita. Mimi nilisomea ufundi wa umeme INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya ufundi, na kazi yangu ya kwanza niliipata kwa njia hiyo: msimamizi niliyemfuata wakati wa staji alihama, akaulizwa kama anamjua kijana anayeweza kufunga kabati la umeme bila kusimamiwa, akataja jina langu. Hakuna aliyewahi kuniomba karatasi mpaka siku ya kufungua faili.

Kwa hiyo ushauri wangu ni abaki, avumilie, ajulikane. Haya ya kumwendea mkuu na vikaratasi yanaweza kumharibia.

Yaya wa Kampemba amejibu:

Kaka fundi, hatuko mbali kama unavyodhani. Ulichokieleza si upendeleo, ni ushahidi wa mtu aliyeiona kazi yako, na mimi ninauthamini kuliko diploma. Tofauti ni kwamba ushahidi wako ulikaa kichwani mwa mtu mmoja, na kwa bahati njema mtu huyo akahama mahali pazuri, akakukumbuka na akaulizwa. Huyu mdogo wetu anaweza kuwa na vyote viwili. Tena ninapomchukua mtu kwa neno la msimamizi, mkaguzi wa hesabu au mteja wetu akija anataka kuona faili, na faili likiwa tupu ninayeulizwa ni mimi. Ndiyo maana anayependekezwa na ana hati humtangulia anayependekezwa tu.

Mahali tunapoachana ni kwenye neno "avumilie". Msimamizi humkumbuka stajieri aliyefanya kazi vizuri. Hamkumbuki zaidi kwa sababu alifanya bila malipo kwa mwaka mzima badala ya nusu mwaka. Baada ya muda fulani unakuwa sehemu ya samani za maabara, na ofisi inayokupata bure haina haraka ya kukuombea bajeti.

Mkaguzi Mstaafu amejibu:

Binti yangu, nilifanya kazi katika Ukaguzi wa Kazi hapa Haut-Katanga tangu enzi za Katanga moja, kabla ya mkoa kugawanywa mwaka 2015. Nitajibu swali lako la pili kwa utaratibu, kwa sababu vijana huja ofisini na nusu ya sheria waliyoisikia barabarani, na nusu hiyo huwadhuru.

Sheria inayotuongoza ni Kanuni ya Kazi, yaani sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa na sheria namba 16/010 ya tarehe 15 Julai 2016. Inasema mkataba wa kazi ni mapatano, ya maandishi au ya mdomo, ambayo kwayo mtu hufanya kazi chini ya uongozi na mamlaka ya mwingine kwa kulipwa ujira. Angalia vizuri vipande vyake. Kazi unaifanya. Mamlaka yapo, maana unapangiwa zamu na unasimamiwa. Kinachokosekana ni ujira, na hapa ndipo wengi wanapojikwaa, kwa kuwa wanadhani pesa za usafiri ni ujira. Siyo. Kanuni imezitoa waziwazi katika maana ya ujira, pamoja na matibabu, posho ya nyumba na posho za familia za kisheria. Mwajiri wako anayekupa usafiri peke yake amejiwekea kinga ambayo si ndogo. Sisemi kwamba huna kesi kabisa, kwa sababu mkaguzi hutazama ukweli wa kazi kuliko jina lililoandikwa juu ya barua, na mtu anayeshika zamu nzima peke yake katika kazi inayouzwa kwa wateja si mwanafunzi wa kawaida. Ninachosema ni kwamba usiingie ofisini kwa mkuu wako ukiwa na hakika kwamba sheria imekwisha kukupa mshahara.

Sasa yako mambo ambayo sheria imeyasema bila utata, na ni vizuri uyajue kabla hawajakupa pendekezo lolote.

Wanaweza kukuambia: "Tunakuchukua, lakini kwa majaribio." Majaribio si staji. Kipindi cha majaribio lazima kiandikwe, na hakizidi mwezi 1 kwa kibarua asiye na utaalamu, wala miezi 6 kwa wafanyakazi wengine, na wewe umo katika hao wengine. Mfanyakazi wa majaribio analipwa kama mfanyakazi. Ukiendelea na kazi baada ya muda huo wa juu kupita, mkataba umethibitika wenyewe, hata kama hakuna aliyekuandikia barua ya pongezi.

Wanaweza kukupa mkataba wa muda maalumu. Huo hauzidi miaka 2, na kwa kawaida hauhuishwi zaidi ya mara moja. Tena Kanuni inasema kwamba anayeajiriwa kushika kazi ya kudumu katika kampuni anapaswa kupewa mkataba usio na kikomo cha muda, ingawa hapa Katanga utaona mikataba ya muda maalumu inatumiwa kwa kazi ambazo zimekuwepo tangu mgodi ufunguliwe.

Au wanaweza kukufanya kibarua wa siku kwa siku, jambo ambalo katika maabara ni nadra lakini si kwamba halipo. Hapo hesabu siku zako. Aliyefanya kazi siku 22 ndani ya miezi miwili, akichukuliwa tena kabla ya miezi hiyo miwili kwisha, anahesabiwa kuwa ameajiriwa bila kikomo cha muda. Ndiyo sababu wasimamizi wengine huwazungusha vibarua: leo wewe, kesho ndugu yako, ili asiwepo mtu atakayefika 22.

Utakapokuwa mfanyakazi kamili, dai namba yako ya CNSS, mfuko wa taifa wa usalama wa jamii, mapema. Michango ni asilimia 18 ya ujira: asilimia 5 hukatwa kwako kwa ajili ya pensheni, na 13 hulipwa na mwajiri. Mwajiri anayekukata zile 5 bila kukuonyesha namba anastahili kuulizwa zinakwenda wapi. Na siku ya kuondoka, kwa sababu yoyote ile, hata ukifukuzwa, anawajibika kukupa cheti kinachoonyesha aina ya kazi, muda wake, tarehe ya kuanza na kumaliza, na namba yako ya usalama wa jamii, wala haruhusiwi kuongeza jambo jingine. Wengine huandika humo "aliondoka kwa utovu wa nidhamu". Ni marufuku.

Cheti hicho cha lazima ni haki ya mfanyakazi. Kwa stajieri hakuna kifungu kama hicho cha kukuegemeza, na kwa hiyo ushauri wa binti wa Kampemba kwamba ujiandikie mwenyewe na kuomba sahihi nauona wa busara, kwa kuwa unachokiomba ni hisani.

Mkemia wa Katuba ameandika tena:

Papa mkaguzi, yaya, na kaka fundi, aksanti sana. Lile la pesa za usafiri limenizuia kufanya jambo ambalo wenzangu walikuwa wananisukuma kulifanya, yaani kuandika barua ya kudai mishahara ya nyuma.

Nimeanza kuandaa muhtasari wa kazi zangu kama yaya alivyosema. Nilipoulizia mkataba na mgodi, fundi wa zamu ameniambia kwamba upo kwenye mazungumzo, na kwamba hakuna atakayeajiriwa kabla haujatiwa sahihi. Nina maswali mawili yaliyobaki. Watu wengi wananiambia niende Kolwezi, kwamba huko ndiko kazi ziliko. Na kuna mtu, rafiki wa jirani yetu, anayesema anaweza kuniingiza katika mgodi mmoja mkubwa kwa kiasi fulani cha dola, nusu kabla na nusu baada ya kutia sahihi mkataba.

Mama wa Kolwezi amejibu:

Binti yangu, nianze na jambo la huyo wa dola, kwa sababu halihitaji maneno mengi. Usimpe. Mwenye uwezo wa kweli wa kukuajiri hakuombi pesa kabla. Mashirika ya Umoja wa Mataifa yanaandika katika matangazo yao kwamba hayatozi malipo katika hatua yoyote ya uajiri, na hata hivyo kila mwaka kuna vijana wanaolipia "faili la Umoja wa Mataifa". Hiyo nusu ya kwanza ndiyo biashara yake yote. Nusu ya pili hajawahi kuingoja.

Kuhusu Kolwezi, ni kweli kwamba migodi mikubwa iko upande huu wa Lualaba: KCC (Kamoto Copper Company) na Kamoa-Kakula ziko karibu na mji, Tenke Fungurume iko kule Fungurume, njiani baada ya Likasi. Lakini kuja huku na begi bila kuitwa ni jambo la kufikiria mara mbili. Kuna karibu kilomita 300 kati yetu na Lubumbashi, chumba cha kupanga ni ghali kuliko Katuba, na watu wa hapa, tangu mkoa wetu uwe mkoa kamili, wanadai kwa sauti kwamba nafasi zianze na watoto wa Lualaba. Makampuni nayo yana ahadi walizozitia sahihi na jamii zinazozunguka migodi. Kazi ya usafi, ya ulinzi, ya kuendesha lori, anayetoka mbali huipata kwa shida. Kazi ya maabara ni tofauti kidogo, kwa sababu mkemia anayejua mashine hapatikani kila kijiji, na mgodi hauwezi kuuza shaba wala hidroksidi ya kobalti bila mtu wa kusema ina asilimia ngapi. Kwa hiyo omba kutoka huko uliko, tuma barua, na upande basi siku utakapoitwa kufanya mtihani. Wanaita kweli, na mtihani wenyewe mara nyingi ni wa mikono: wanakupa sampuli ambayo kiwango chake wanakijua, wanakuacha nayo.

Tena usiisahau migodi iliyo mlangoni pako. Ruashi iko ndani ya jiji lenu, Kinsevere haiko mbali upande wa kaskazini, na Kipushi, kilomita zipatazo 30 kutoka Lubumbashi, ilirudi kuzalisha zinki mwaka 2024 baada ya kulala miaka mingi. Vijana wa Lubumbashi wanaikimbilia Kolwezi huku wakiipita Kipushi.

Jambo jingine ni lugha. Kifaransa chako sina wasiwasi nacho, umekisomea. Lakini katika maabara nyingi za huku ripoti za mashine na taratibu za usalama zimeandikwa Kiingereza, na kwenye migodi yenye wakubwa Wachina anayejua hata Kichina cha salamu na namba anatambulika haraka. Usijiandikie "Kiingereza: vizuri" kama huwezi kusoma ukurasa mmoja wa maelekezo ya asidi na kuueleza. Watakupa ukurasa huo.

Fundi wa Ruashi amejibu:

Kwa hilo la mtihani wa mikono ninakubali kabisa, na labda linanilainisha kidogo kuhusu karatasi pia. Dada, ongeza jambo hili: unaposubiri, pita INPP uone mafunzo ya muda mfupi waliyo nayo, hasa ya usalama kazini. Taasisi hiyo ipo tangu mwaka 1964 na cheti chake kinajulikana kila mgodi, hata kwa mkuu asiyejua UNILU inafundisha nini. Na ujiandikishe ONEM, ofisi ya taifa ya ajira, kama mtafuta kazi, kwa sababu kadi yao waajiri wengine wanaiomba kwenye faili, na foleni si ya kuianza siku ya mwisho. Hayo mengine ya faili, cheti cha afya, hati ya kutokuwa na rekodi ya jinai, nakala za kadi ya mpiga kura, yaandae mapema, maana ukiitwa Ijumaa wanataka yote Jumatatu.

Mkemia wa Katuba ameandika tena:

Nimemwendea mkuu wangu leo mchana na muhtasari. Ameusoma wote, akafuta mstari mmoja ambao kwa kweli ulikuwa wa kazi ya mwenzangu, akaongeza jingine nililolisahau kuhusu kusawazisha mizani, na amesema ataupeleka kwa mkurugenzi kwa ajili ya muhuri. Kuhusu kuendelea, amesema hawezi kuniandikia barua mpya ya staji kwa sababu mkurugenzi amekataza staji kuzidi miezi sita. Kwa hiyo ama nije "kwa kusaidia", bila hati, au nikae nyumbani mpaka mkataba na mgodi utiwe sahihi. Papa mkaguzi, nikienda kwenye Ukaguzi wa Kazi kuuliza tu, bila kushtaki, itakuwa nimeharibu?

Mkaguzi Mstaafu amejibu:

Kuuliza hakuharibu, na huna haja ya kulitaja jina la kampuni ili upewe maelezo. Malalamiko ni jambo jingine: yakipokelewa, mkaguzi huwaita pande mbili kwa usuluhishi, na ni baada ya usuluhishi kushindikana ndipo mtu anaweza kwenda Mahakama ya Kazi. Kwa sasa huna sababu ya kufika huko na mtu ambaye amekusomea karatasi yako mstari kwa mstari.

Ila usiende "kwa kusaidia". Mkurugenzi wao amekwisha kusema kwamba huruhusiwi kuwemo, na siku chupa ya asidi itakapopasuka, kitakachosomwa ni neno lake. Mwambie mkuu wako kwamba utakuja siku yoyote watakapokuandikia, hata kama ni mkataba wa muda mfupi wa kushika zamu ya mtu aliye likizoni. Umwachie namba yako ya simu na ya nyumbani. Muhuri ukitoka, chukua nakala iliyothibitishwa komini, yaani ofisi ya manispaa, ya asili ibaki kwenu.

Yaya wa Kampemba amejibu:

Na mkuu huyo mwombe jambo moja zaidi kabla hujaondoka: akubali jina lake na namba yake ya kazini viwekwe kwenye CV yako kama mtu wa kuulizwa. Mwombe uso kwa uso, usimwekee bila yeye kujua. Akikubali, tuma barua zako Kipushi na Kinsevere wiki hii hii, na kila unapotuma, mjulishe kwa ujumbe mfupi ni wapi, ili simu ikimfikia asiwe anajiuliza wewe ni nani.

Mkemia wa Katuba ameandika tena:

Amekubali, na namba amenipa mbili. Barua ya Kipushi nimeimaliza usiku huu. Kesho asubuhi ninapita komini na muhtasari, halafu INPP.